Kichujio Hakipigiwi Hesabu Peke Yake

Redio ya FM ya kizamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, ina rezista moja na kapasita moja zilizokaa kabla ya amplifaya ya sauti, na kazi yake ni kushusha trebo. Kituo kinaporusha matangazo huyanyanyua makusudi masafa ya juu ya sauti, kwa kuwa kelele za FM huongezeka kadiri masafa yanavyopanda. Redio nayo huyashusha kwa kiasi kilekile, na kelele zikashuka nayo. Ulaya na Afrika kiasi hicho huwekwa kwa maikrosekunde 50, Marekani kwa maikrosekunde 75. Maikrosekunde hizo ni zao la ukinzani wa rezista na ukubwa wa kapasita, basi. Ukizigeuza kuwa masafa, redio ya Afrika huanza kushusha sauti karibu na 3,183 Hz, ya Marekani karibu na 2,122 Hz.

Sasa chukua redio iliyonunuliwa Chicago ikaletwa Dar es Salaam. Kwenye 10 kHz, redio ya hapa ingeshusha ishara kwa desibeli 10.4, hiyo ngeni inaishusha kwa 13.7. Tofauti ya desibeli 3.3 maana yake ni kwamba volteji ya trebo imebaki kama theluthi mbili tu ya ilivyotakiwa, na msikilizaji anaona sauti imekuwa nzito, haina ukali. Fundi akiifungua hataona kilichoungua. Kila kifaa ni kizima, ila kichujio kilipigiwa hesabu kwa ajili ya mtangazaji mwingine. Dawa yake ni kubadili kapasita iwe theluthi mbili ya iliyopo. Katika redio za chipu za siku hizi, ni kubadili mpangilio tu kwenye programu.

Mfano huo unabeba swali zima. Hesabu za vichujio vidogo hufundishwa kama jambo la fomula moja: mwanafunzi anapewa rezista, kapasita na masafa, anaingiza tarakimu kwenye kikokotoo, anapata desibeli zake. Fomula ni sahihi. Lakini jibu lake ni la sakiti ambayo chanzo chake hakina ukinzani wowote, na mbele yake hakuna kinachovuta umeme. Kwenye bodi halisi pana kitu nyuma ya kichujio na pana kitu mbele yake, na vyote viwili vimo ndani ya hesabu, mtu akitaka asitake.

Waya wa baharini

Kupungua kwa ishara kulianza kuwaumiza watu kichwa kabla hakijatengenezwa kifaa kinachoitwa kichujio. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulikuwa shaba iliyofunikwa kihami, ikazungukwa na maji ya chumvi. Shaba ina ukinzani wake, na shaba ikitazamana na maji ng'ambo ya kihami hufanya kapasita ndefu ya maelfu ya kilomita. Mwaka 1855 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha kwamba ucheleweshaji katika waya kama huo hukua kwa kipeo cha pili cha urefu: waya ukiwa mrefu mara mbili, ishara inajikokota mara nne.

Wildman Whitehouse, mtu wa umeme wa kampuni ya waya wa Atlantiki, hakuikubali hesabu hiyo. Waya ulipoanza kazi mwaka 1858, salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kupita. Whitehouse alijaribu kuisukuma ishara kwa volteji zilizokaribia 2,000, na katika muda wa wiki tatu hivi waya ukafa. Somo lake halijachakaa: kupungua kwa ishara ni uwiano. Ukiongeza volteji mwanzoni, kinachofika kinaongezeka, lakini masafa ya juu yanabaki nyuma ya masafa ya chini kwa kiasi kilekile, na nukta za ujumbe zinaendelea kumezana kama mwanzo.

Waya wa aina hiyo ulifika Zanzibar mwaka 1879, Eastern and South African Telegraph Company ilipoziunganisha Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban. Kwa sheria ya Thomson, kuugawa mstari katika vipande kulikuwa na faida ya wazi: kipande cha nusu ya urefu kina robo tu ya ucheleweshaji.

Wahandisi wa simu za sauti walipohitaji kipimo cha upotevu walitumia maili ya waya wa mfano, wenye ukinzani wa 88 Ω na kapasita ya 0.054 µF. Tatizo la kipimo hicho ni kwamba waya hupunguza kila masafa kwa kiasi chake, kwa hiyo "maili kumi" ilikuwa na maana tofauti kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba. Katika miaka ya 1920 kampuni za simu za Bell zikakiacha na kushika kipimo cha uwiano mtupu, ambacho mwaka 1928 kilipewa jina la desibeli. Wakati huo vichujio vya kutengenezwa makusudi vilikuwa vimeshazaliwa: mwaka 1915 George Campbell nchini Marekani na Karl Willy Wagner nchini Ujerumani, kila mmoja kivyake, walikuwa wameonyesha jinsi ya kupanga koili na kapasita ili masafa fulani yapite na mengine yazuiwe.

Fomula yenyewe

Tuchukue kichujio rahisi kuliko vyote: rezista ya 10 kΩ kwenye njia ya ishara, kisha kapasita ya 10 nF inayoshuka kwenye graundi, na ishara tunaichukulia juu ya kapasita. Masafa ya mkato ni 1/(2πRC), nayo hapa ni 1,592 Hz. Kwa masafa yoyote f, volteji inayotoka ukiigawa kwa inayoingia unapata moja iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 1 + (f/fc)², ambapo fc ni masafa ya mkato.

Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya kwanza. Kwenye masafa ya mkato, kizuizi cha kapasita ni 10 kΩ, sawasawa na rezista. Vizuizi viwili vinavyolingana vingetakiwa kugawana volteji nusu kwa nusu, lakini fomula inatoa 0.707. Ukipima volteji juu ya rezista nayo ni 0.707, na jumla ya hizo mbili ni 1.41, zaidi ya iliyoingia. Hakuna umeme uliozaliwa. Volteji ya kapasita hufika kileleni robo ya mzunguko baada ya ile ya rezista, kwa hiyo hazijumlishwi kama shilingi na shilingi. Hujumlishwa kama pande mbili za pembetatu mraba, na iliyoingia ndiyo upande mrefu.

Kutoka hapo jedwali linajiandika lenyewe. Kwenye sehemu ya kumi ya masafa ya mkato, ishara inapungua kwa desibeli 0.04, kiasi ambacho hakuna sikio litakalokigundua. Kwenye nusu yake, karibu desibeli 1. Kwenye masafa ya mkato yenyewe, 3. Mara mbili yake, karibu 7. Mara kumi, 20. Kuanzia hapo kila ukizidisha masafa kwa kumi unaongeza desibeli 20, au 6 kila ukiyazidisha kwa mbili. Fundi mwenye haraka anaweza kuchora mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa bapa hadi kwenye mkato na mwingine unaoteremka, na kosa lake kubwa litakuwa desibeli 3 pale pale kwenye kona. Ukienda mara mbili juu au nusu chini kosa limeshashuka hadi desibeli moja.

Desibeli zenyewe zina mtego wake. Ukilinganisha nguvu, unachukua logi ya uwiano mara 10. Ukilinganisha volteji, mara 20, kwa sababu nguvu hufuata kipeo cha pili cha volteji. Desibeli 3 chini maana yake ni nguvu nusu, lakini volteji asilimia 71. Anayesoma kwamba kichujio kimepunguza "nusu" bila kuuliza nusu ya nini anaweza kukosea kwa desibeli 3 nzima. Isitoshe, 20 zile zinafaa kwa nguvu pale tu ukinzani wa pande zote mbili ukiwa sawa. Kwenye mstari wa simu wa kale ulikuwa sawa kwa makubaliano. Kwenye bodi ya leo, mara nyingi sivyo.

Mbele na nyuma

Sasa kichujio chetu kiunganishe na amplifaya ambayo mlango wake una ukinzani wa 10 kΩ. Hata kwenye masafa ya chini kabisa, ambako kapasita ni kama haipo, rezista mbili zinagawana volteji nusu kwa nusu: desibeli 6 zimekwenda kabla ya kuchuja chochote. Masafa ya mkato nayo yanahama. Ukitazama ukiwa kwenye kapasita, rezista mbili zimesimama sambamba na kufanya 5 kΩ, kwa hiyo mkato sasa ni 3,183 Hz.

Angalia kinachotokea kwenye 15.9 kHz. Bila mzigo, ishara ilipungua kwa desibeli 20.04. Ikiwa na mzigo, inapungua kwa 20.17. Anayepima hapo tu ataapa kwamba mzigo haujabadili kitu, na kipimo chake kitamuunga mkono: huko juu kapasita imeshakuwa njia nyepesi kuliko amplifaya, nayo ndiyo inayoamua. Lakini masafa tuliyotaka yapite nayo yameshuka kwa desibeli 6. Tofauti kati ya tunachokitaka na tusichokitaka, ambayo ndiyo kazi ya kichujio, ilikuwa desibeli 20 na sasa ni 14. Ndiyo sababu tarakimu moja ya upunguzaji haimwambii mtu kitu mpaka aseme inalinganishwa na nini: na kilichoingia, au na masafa yanayopita.

Kilicho nyuma kinaweza kuwa kigumu zaidi, kwa kuwa kinaweza kubadilika kikiwa kazini. Kipima joto cha bei nafuu hutumia rezista inayofuata joto, ya 10 kΩ kwenye nyuzi 25, ikiwa imeunganishwa na rezista ya kawaida ya 10 kΩ. Mtu akiweka kapasita ya 10 µF kwenye makutano yake ili kuondoa mvumo wa 50 Hz wa umeme wa gridi, chanzo kwenye nyuzi 25 kina 5 kΩ, mkato ni 3.2 Hz, na mvumo unapungua kwa desibeli 24. Kipeleke kifaa hichohicho kwenye jokofu la chanjo, nyuzi 5. Rezista ya joto imepanda hadi takriban 25 kΩ, chanzo kimekuwa karibu 7.1 kΩ, mkato umeteremka hadi 2.2 Hz, na mvumo unapungua kwa desibeli 27. Kichujio kimebadilika kwa desibeli 3 bila mtu kukigusa. Hapa hakuna madhara. Kwenye kifaa kinachopima mabadiliko ya haraka, yangekuwepo.

Viwili si mara mbili

Anayetaka mteremko mkali zaidi huwaza kuunganisha vichujio viwili mfululizo. Kimoja kinatoa desibeli 3 kwenye mkato, basi viwili vitatoa 6. Ukiunganisha viwili vinavyofanana, unapata 9.5. Sababu ni ileile: cha pili ni mzigo wa cha kwanza. Mkato halisi, pale ishara inaposhuka kwa desibeli 3, umerudi hadi asilimia 37 ya uliopangwa. Kwa vifaa vyetu, kutoka 1,592 Hz hadi takriban 595 Hz. Mtu aliyetaka sauti ya mazungumzo ipite ameikata katikati.

Dawa ya bei ndogo ni kukipa kichujio cha pili rezista kubwa mara kumi na kapasita ndogo mara kumi: 100 kΩ na 1 nF. Mkato wake peke yake ni uleule, lakini hakiulemei mgongo wa mwenzake, na upunguzaji kwenye 1,592 Hz unakuwa desibeli 6.4, karibu kabisa na ile 6 ya karatasini. Dawa ya pili ni kuweka amplifaya katikati ili vichujio visijuane. Mwaka 1955 Sallen na Key, katika maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, walichapisha namna ya kupanga rezista, kapasita na amplifaya moja hivi kwamba unapata vichujio vya hatua mbili bila koili, na umbo la kona unalichagua wewe. Mpango huo unatumika hadi leo, lakini nao una kikomo: kwenye masafa ya juu sana amplifaya huchoka, na ishara hupenya kupitia kapasita inayorudi nyuma. Mteremko ulioonekana hauna mwisho kwenye karatasi hugeuka na kuanza kupanda.

Koili inapoingia

Koili na kapasita kwa pamoja hutoa mteremko wa desibeli 40 kwa kila mara kumi ya masafa, na hazipotezi nguvu kama rezista. Ndiyo maana zimejaa kwenye maboksi ya spika. Koili ya 1 mH kwenye njia ya spika ya besi na kapasita ya 10 µF kando ya spika vinakutana kwenye 1,592 Hz, masafa yaleyale ya mfano wetu. Spika ikiwa ya 8 Ω, ishara hapo inapungua kwa desibeli 1.9, kwenye mara kumi, kwa 40. Karibu sana na umbo ambalo Stephen Butterworth wa Uingereza alilieleza mwaka 1930, lililo bapa kadiri iwezekanavyo kabla ya kuteremka. Umbo hilo lenyewe lingetaka spika ya 7.1 Ω.

Badala ya spika, weka mzigo wa 100 Ω. Kwenye masafa ya makutano, volteji inayotoka sasa ni mara kumi ya iliyoingia, desibeli 20 juu. Kichujio kimeongeza badala ya kupunguza. Ukinzani wa waya wa koili utapunguza kilele hicho, ila hautakiondoa. Na mtu akichomoa spika kabisa huku amplifaya inaimba, koili na kapasita zinabaki mfululizo mbele ya amplifaya, na karibu na 1,592 Hz vizuizi vyake vinafutana. Kinachobaki ni ukinzani wa waya wa koili tu, hali iliyo jirani na shoti. Amplifaya isiyo na kinga inaweza kuungua hapo. Hakuna mahali ambapo mzigo unaonekana wazi zaidi kuwa ni sehemu ya kichujio.

Vifaa vya dukani na mita ya mkononi

Kapasita ya dukani mara nyingi ina uhuru wa asilimia 10 au 20, rezista asilimia 5. Vyote vikielemea upande mmoja, zao lake linaweza kuwa pungufu kwa robo, na desibeli 20 zetu zikawa 17.6. Hilo ni jambo la kuvumilika. Lisilovumilika ni kapasita ndogo za seramiki za daraja la pili, ambazo hupoteza uwezo wake zikiwekewa volteji ya moja kwa moja; karibu na kiwango chake cha juu, baadhi hubaki na nusu au chini ya hapo. Mkato unapanda mara mbili na desibeli 6 zinayeyuka, huku maandishi kwenye karatasi ya kifaa yakiwa yaleyale.

Kwenye masafa ya redio, kapasita huacha kuwa kapasita. Yenye 100 nF na miguu inayobeba nanohenri 5 za koili isiyotakiwa hufika mwisho wake karibu na 7 MHz. Juu ya hapo inafanya kazi kama koili, na kila masafa yakipanda inazuia kidogo zaidi njia ya kwenda graundi. Hesabu inayosema upunguzaji unaendelea kukua hadi 100 MHz imehesabu kifaa kisichouzwa popote.

Kipimo nacho kinaweza kudanganya. Mita nyingi za dijitali za bei nafuu huahidi usahihi wa volteji ya AC kati ya 40 na 400 Hz tu. Ukiitumia kwenye 10 kHz unapima udhaifu wa mita pamoja na wa kichujio, na huwezi kuutenganisha. Osiloskopu ni bora, lakini waya wake ukiwa kwenye nafasi ya ×1 hubeba karibu 100 pF. Kwa kapasita yetu ya 10 nF hiyo ni asilimia moja. Kwa kichujio chenye kapasita ya 100 pF, chombo cha kupimia kimeshusha mkato hadi nusu.

Kiasi gani kinatosha

Swali la mwisho ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Chukua bodi ya Arduino Uno, ambayo husoma volteji kwa ngazi 1,024 na, kwa mpangilio wake wa kawaida, kama mara 9,600 kwa sekunde. Masafa yoyote yaliyo juu ya nusu ya hizo, yaani 4,800 Hz, yakipenya yatajigeuza yaonekane kama masafa ya chini, na hakuna programu itakayoyatambua baadaye. Ili kelele kubwa ya hapo ishuke chini ya ngazi moja, inahitaji kupunguzwa kwa desibeli 60. Rezista na kapasita moja hutoa 20 kwa kila mara kumi, kwa hiyo mkato unatakiwa uwe chini mara elfu moja: 4.8 Hz. Kwa joto la maji kwenye tangi, hiyo ni zaidi ya kutosha. Kwa sauti ya mtu, haiwezekani, na hakuna kuchagua kapasita kwa makini kutakakobadili hilo.

Kila desibeli pia hulipiwa kwa muda. Mkato wa 1 Hz, wa 16 kΩ na 10 µF, hupunguza mvumo wa 50 Hz kwa desibeli 34, yaani mara 50. Lakini baada ya ishara kubadilika, kichujio kinahitaji karibu robo tatu za sekunde kufika ndani ya asilimia moja ya thamani mpya. Tangi la maji halitaona tofauti. Mzani wa dukani utamfanya mteja asubiri tarakimu zitulie, na muuzaji atadhani mzani umeharibika.

Kwa hiyo anayeanza hesabu aandike kwanza mambo manne: ukinzani wa kilicho nyuma, ukinzani wa kilicho mbele, masafa yanayotakiwa yapite pamoja na hasara inayoweza kuvumiliwa hapo, na masafa yanayotakiwa yazuiwe pamoja na desibeli zinazohitajika. Mambo mawili ya mwisho yanatoa mteremko. Mteremko ukizidi desibeli 20 kwa kila mara kumi ya masafa, rezista na kapasita moja hazitoshi na hakuna haja ya kuendelea nazo. Usipozidi, mawili ya kwanza yanaamua thamani za vifaa: rezista iwe kubwa mara kumi au zaidi kuliko kilicho nyuma, na ndogo mara kumi au zaidi kuliko kilicho mbele. Hayo yakishatimia, fomula ya kitabuni inakuwa kweli, na hesabu iliyobaki haizidi mstari mmoja.